Mtoto Apelekwe Tamashani, Lakini Saa Iwe Yake

Kila mwaka, katika wiki ya Juni yenye siku ndefu kuliko zote huko kaskazini mwa dunia, mji mdogo wa Telluride katika jimbo la Colorado, Marekani, hupokea maelfu ya watu wanaokuja kusikiliza banjo, mandolini na fidla kwa siku nne mfululizo. Mji huo ulianza kama makazi ya wachimba madini katika karne ya 19. Umekaa katika bonde lililofungwa na milima ya San Juan pande tatu, mita 2,667 juu ya usawa wa bahari, na mwisho wa bonde hilo maporomoko ya Bridal Veil hudondoka kwa zaidi ya mita 100. Tamasha lenyewe, Telluride Bluegrass Festival, lilianza mwaka 1974 likiwa jambo la wenyeji, na leo linahesabiwa miongoni mwa matamasha mashuhuri ya muziki wa nyuzi duniani. Sehemu kubwa ya wageni hulala kwenye mahema, na miongoni mwao wamo wazazi wenye watoto wachanga mgongoni, watoto wa miaka miwili wasiopita dimbwi bila kulikanyaga, na wa miaka mitano ambao wameshaanza kuuliza ile ala inayolia vile inaitwaje.

Suala la kulala kambini na watoto wadogo kwenye tamasha kama hili huwagawa watu. Wapo wanaosema ni uzembe: mtoto wa miaka mitatu ana shughuli gani mlimani, kwenye baridi, katikati ya spika na umati? Wapo pia wanaosema mtoto huzoea hali yoyote ile, mradi wazazi wake wametulia. Naamini pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinabishania mahali, ilhali kiini cha jambo ni saa. Mtoto mdogo anastahili kuwepo kwenye tamasha la muziki milimani, na karibu kila hatari inayotajwa kumpinga hutokana na kumburuza katika ratiba ya mtu mzima: kufika leo na kucheza leo, kukaa mbele ya jukwaa hadi usiku wa manane, kulala karibu na alfajiri, kisha kuanza tena kesho yake. Ratiba ikiufuata mwili wa mtoto, hatari hizo hupungua hadi kiwango ambacho mzazi makini anakimudu. Ikimfuata msanii mkuu wa usiku, hakuna hema wala blanketi litakalosaidia.

Tuanze na sababu ya kumpeleka, maana pasipo na faida hakuna haja ya kupima hatari. Muziki wa bluegrass, yaani huo wa banjo, mandolini na fidla, ulikua ndani ya familia na haujaacha kuwa wa familia. Mwaka 1965 Carlton Haney alipoandaa karibu na Roanoke, jimboni Virginia, tamasha la kwanza la muziki huo lililodumu siku kadhaa, alifungua njia ya watu kuhamia uwanjani na vyombo vyao, na desturi hiyo ya kupiga kambi ikawa sehemu ya muziki wenyewe. Del McCoury amepiga miaka mingi na wanawe Ronnie na Rob wakiwa pembeni yake jukwaani. Doc Watson, mpiga gitaa asiyeona kutoka milima ya North Carolina, alizunguka Marekani na mwanawe Merle. Merle alipofariki mwaka 1985, tamasha la MerleFest likaanzishwa mwaka 1988 kwa kumbukumbu yake. Chris Thile alianza kushika mandolini akiwa na umri wa miaka 5, na alikuwa na miaka 8 tu yeye na ndugu wawili, Sean na Sara Watkins, walipoanzisha kundi la Nickel Creek. Molly Tuttle alifundishwa na baba yake. Hawa hawakuukuta muziki ukubwani kama mtu anavyokuta kazi. Waliukuta nyumbani na kambini, kabla hawajajua kuwa ni kitu cha kuchagua.

Na kambini ndiko kwenye darasa lenyewe. Jukwaa kubwa humwonyesha mtoto wasanii wakiwa mbali, wadogo kama vidole, chini ya taa. Kambini, kati ya hema na hema, watu wanne au watano hukaa kwenye viti vya kukunja wakitazamana. Mmoja hutaja ufunguo wa wimbo, mwingine huanza, na zamu ya kupiga peke yake huzunguka duara kwa ishara ya kichwa. Anayejua kidogo hukaa nyuma ya duara, akipiga taratibu bila kumfunika mwenzake, na akishajiamini husogezewa kiti. Mtoto mwenye fidla ndogo ya saizi yake hupewa zamu kama wengine, na watu wazima hupunguza mwendo ili aupate wimbo. Hapo mtoto huona jambo ambalo video ya simu haiwezi kumwonyesha: kwamba muziki ni kazi ya mikono ya watu wa kawaida, kwamba wazee hukosea na kuendelea, na kwamba kusikiliza ni nusu ya kupiga. Duara kama hilo huwapo hata saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, saa ambazo mtoto yuko macho na ana furaha. Anayemfuata mtoto hakosi tamasha, hupata sehemu yake iliyo hai zaidi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, liko jambo jingine. Chimbuko la banjo ni Afrika. Watu wa Afrika Magharibi waliochukuliwa utumwani walivuka bahari wakiwa na ujuzi wa kutengeneza ala za nyuzi kwa kibuyu na ngozi, ala za ukoo mmoja na akonting ya Wajola wa Senegambia. Ujuzi huo ukazaa banjo, na banjo ikapanda hadi milima ya Appalachia, ambako baadaye wengi waliisahau asili yake. Mwaka 2005 wapenzi wa ala hiyo walikutana Boone, North Carolina, kuizungumzia historia yake ya watu weusi, na mkutano huo ukasaidia kuzaa kundi la Carolina Chocolate Drops, lenye Rhiannon Giddens ndani yake, ambalo wanamuziki wake walikwenda kujifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa jimbo hilo, wakiwa wamekaa naye ana kwa ana. Mtoto wa Kikongo, Kikenya au Kitanzania anayekulia Denver au Aurora, umbali wa siku moja ya gari kutoka Telluride, akiiona banjo anaona kitu kinachomhusu. Inafaa aione ikipigwa, na aiguse.

Mtu atauliza: mtoto wa mwaka mmoja na nusu atakumbuka nini? Hatakumbuka tukio, ni kweli. Lakini hakuna anayekumbuka siku alizojifunza kusema, na lugha ya mama haikumtoka. Mwaka 2010 Marcel Zentner na Tuomas Eerola walichapisha utafiti uliohusu watoto wachanga wa miezi 5 hadi 24, ukaonyesha kwamba mwili wa mtoto huitikia mdundo wa muziki kwa kucheza zaidi kuliko unavyoitikia maneno ya kuzungumzwa, na kwamba wanaokwenda na mdundo vizuri hutabasamu zaidi. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, Laura Cirelli na wenzake, waliwabeba watoto wa miezi 14 na kuwarusharusha taratibu kwa kufuata muziki, mbele ya mtu mzima aliyecheza kwa mdundo uleule au mdundo tofauti. Baadaye mtu huyo alipoangusha vitu, watoto waliocheza naye kwa pamoja ndio waliokuwa wepesi kumwokotea. Kwa maneno mengine, mtoto asiyeweza kutamka sentensi tayari anajifunza ujirani kwa njia ya ngoma. Mama wa Kiafrika aliyekwenda ngomani na mtoto kwenye mbeleko alikuwa akimpa somo hilo kabla ya maabara yoyote kulipima.

Sasa twende kwenye hatari, na ya kwanza ni mwinuko. Telluride iko karibu sawa na kituo cha Mandara cha Mlima Kilimanjaro, chenye mita 2,720, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wao wa kwanza ili mwili uzoee. Katika kimo hicho, kila pumzi huleta hewa ya oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kuanzia mita 2,500 hivi, na watoto huupata kama watu wazima wanavyoupata. Tofauti ni kwamba mtu mzima husema kichwa kinaniuma. Mtoto mdogo hulialia, hukataa chakula, hutapika, hulala vibaya, na mzazi aliyeshikilia ratiba hudhani ni utundu au uchovu wa safari. Dawa ya kwanza ni muda. Familia inayotoka Houston, mji ulio karibu na usawa wa bahari, ifike siku moja au mbili kabla, na ikiwezekana ilale njiani mahali penye kimo cha kati, kama Denver yenye mita 1,600 na ushei. Siku ya kwanza iwe ya kunywa maji, kula kidogo kidogo na kutembea karibu na hema. Liko gari la kamba la bure linalopanda kutoka mjini hadi zaidi ya mita 3,200, nalo ni kishawishi kikubwa kwa watoto. Lisubiri siku ya tatu. Na mtoto akizidi kudhoofika, ateremshwe siku hiyohiyo bila kungoja wimbo uishe.

Hapa nitajibiwa kwamba mji wa Iten nchini Kenya una mita 2,400 na watoto wake wanakimbia hadi wanakuwa mabingwa wa dunia. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Mtoto wa Iten amezaliwa katika hewa hiyo, mapafu na damu yake vimekua nayo. Mgeni kutoka Tanga anayepelekwa kimo hicho ndani ya siku moja hana maandalizi hayo, awe na nguvu kiasi gani. Kinachowatofautisha watoto hawa wawili ni muda ambao kila mmoja amepewa, wala si uimara wa mmoja na udhaifu wa mwingine.

Hatari ya pili ni baridi ya usiku. Mwezi Juni mchana wa Telluride hufika nyuzi 20 na ushei, watu wakavaa fulana, na usiku huohuo kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 5 au chini yake. Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa kwa sababu ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Mzazi anayemrudisha hemani saa moja jioni, kabla giza halijaingia, ana nafasi ya kumfuta matope, kumvua nguo zilizoloa jasho, kumvika vazi la ndani lililo kavu, la sufu juu yake, soksi na kofia, kisha kumlaza juu ya godoro la povu linalomtenga na ardhi, maana baridi kubwa hutoka chini. Anayemrudisha saa tano usiku, mtoto akiwa amelala begani na nguo za mchana mwilini, huifanya kazi hiyo gizani, kwa haraka, na mara nyingi huiacha nusu. Mtoto mchanga asifunikwe kwa mfuko wa kulalia wa mtu mzima, kwa kuwa unaweza kumziba pumzi. Avikwe nguo za kutosha na vazi la kulalia la kipimo chake.

Katika baridi hiyo liko kosa moja ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulisema kwa sauti kubwa, kwa sababu limeua watu hata kwetu katika vyumba vilivyofungwa: kuingiza jiko la mkaa ndani. Hema ni chumba kidogo kuliko vyote. Mkaa unaofifia, jiko la gesi au taa ya mafuta hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo lolote. Hakuna baridi inayohalalisha jambo hilo, hata kwa dakika chache za kupasha uji. Vilevile, milima ya Colorado ina dubu weusi, nao hunusa chakula kwa mbali. Biskuti, chupa ya maziwa, dawa ya meno na nepi chafu havilali hemani na mtoto; huwekwa kwenye kasha la chuma lililotengwa kwa kazi hiyo au ndani ya gari lililofungwa vizuri. Hayo yote ni mambo madogo ya kufanywa jioni kabla ya kulala, na kila moja linahitaji mzazi ambaye bado ana nguvu na mwanga.

Hatari ya tatu ni kelele, na hapa saa na umbali hufanya kazi pamoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani usiozidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kiwango hicho kiliwekwa kwa kuwafikiria wahudhuriaji kwa jumla. Kwa usikilizaji wa vifaa vya masikioni, shirika hilohilo linapendekeza kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kwa mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu muda ambao sikio linaweza kuvumilia salama, kwa hiyo saa moja mbele ya spika na saa moja mwisho wa uwanja ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika ya kawaida, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi. Mtoto akae nyuma, pembeni, na avae vifuniko vya masikio vinavyobana kichwa, maana vizibio vya povu ni vidogo vya kutosha kumezwa na havishiki vizuri kwenye tundu lake. Asipovikubali vifuniko, hilo nalo ni jibu: arudi kambini. Faida ya bluegrass ni kwamba ala zake nyingi hazihitaji umeme, na duara la kambini, ukikaa hatua chache pembeni yake, halikulazimishi kupaza sauti ili usikike.

Jua na radi nitavipitia kwa ufupi. Mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, hata siku ya ubaridi, na ngozi nyeusi hupunguza madhara lakini haiyaondoi; kofia pana, kivuli na usingizi wa saa saba mchana ndani ya kivuli humtosha mtoto. Radi za milima hiyo hupenda kuja alasiri. Hema halikingi radi. Ukisikia ngurumo, jengo imara au gari lenye paa la chuma ndilo kimbilio, na usirudi nje mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mzazi aliyepanga alasiri kuwa wakati wa kupumzika karibu na gari tayari yuko mahali panapofaa.

Ukiziweka hatari hizi pamoja, utaona zinaelekeza mahali pamoja. Siku ya mtoto tamashani huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wengi wamelala: uji wa moto, jua la kwanza, matembezi hadi mtoni akiwa ameshikwa mkono, kwa kuwa maji ya theluji iliyoyeyuka huenda kasi. Saa tano wasanii wa mwanzo wako jukwaani, uwanja haujajaa, na mtoto anaweza kucheza kwenye nyasi bila kukanyagwa. Mchana hulala. Jioni huja duara la kambini na chakula. Saa mbili usiku amelala, na mzazi mmoja yupo naye. Wazazi wawili wanaweza kupokezana, mmoja akaenda kumsikiliza Sam Bush, ambaye hajakosa jukwaa la Telluride tangu mwaka 1975, na mwingine akaenda kesho yake. Hata kambi ichaguliwe kwa kipimo hicho. Iliyo ndani ya bustani ya mji iko karibu na jukwaa, lakini nyimbo hupigwa humo usiku kucha. Za mbali ni tulivu zaidi, lakini zinahitaji basi. Mzazi wa mtoto mdogo achague utulivu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maadili. Matamashani kuna pombe, na Colorado wapiga kura walihalalisha bangi mwaka 2012. Sheria ya jimbo inakataza kuivuta hadharani, ila pua ya mtu yeyote aliyekwenda huko itatoa ushahidi tofauti. Je, huko ndiko tumpeleke mtoto? Sipuuzi swali hili. Jibu langu la kwanza ni kwamba mtoto wa mjini hukutana na ulevi kwenye kona ya mtaa na kwenye harusi, na kinachomlinda ni mtu mzima aliye timamu pembeni yake. Sharti hilo ni la lazima zaidi kambini: kila saa awepo mzazi mmoja asiyekunywa kabisa, na mtoto awe na mkanda mkononi wenye namba ya simu ya mzazi. Jibu la pili ni la saa tena. Ulevi wa tamasha una wakati wake, nao ni usiku. Asubuhi na alasiri uwanja ni wa watu wenye viti vya kukunja, vikapu vya chakula na wajukuu. Familia inayoondoka jua likizama hukwepa sehemu kubwa ya kile inachokiogopa. Na tamasha lisilo na saa wala eneo ambamo familia inaweza kukaa bila moshi halifai mtoto, hata kama jukwaa lake lina majina makubwa kiasi gani. Hapo nitakuwa wa kwanza kusema abaki nyumbani.

Wengine husema: kama mzazi ataona nusu tu ya wasanii, si bora amwache mtoto kwa bibi na kufaidi pesa yake yote? Kwa mwenye kiu ya kuona kila msanii, ndiyo, amwache, na asione haya. Bibi, shangazi na mama mdogo ni hazina, na mzazi aliyepumzika humrudia mtoto akiwa mwema zaidi. Lakini asichanganye mambo mawili. Kumpeleka mtoto na kutaka kuona kila kitu ni kumtaka mtoto alipe gharama ya tamaa ya mkubwa, kwa usingizi wake na masikio yake. Tiketi za siku nne ni ghali, na kwa sababu hiyo hasa uamuzi ufanywe kabla ya kununua. Zipo tiketi za siku moja, na yapo matamasha madogo ya milimani ambako wapiga fidla ni majirani na kambi ni uwanja wa shule. Kwa mtoto wa miaka minne, tamasha dogo lina kila anachohitaji.

Lipo pia lalamiko la wahudhuriaji wasio na watoto: tumelipa kusikiliza muziki, hatukulipa kusikiliza vilio. Wana haki. Mtoto anayelia mfululizo wakati wimbo mpole unapigwa anawaharibia mamia. Ila mtoto hulia mno anapokuwa amechoka, ana njaa, ana baridi au ameumizwa na kelele, yaani anapokuwa nje ya saa yake. Mzazi anayeheshimu saa hiyo huwaheshimu majirani pia. Na jirani naye akumbuke kwamba muziki anaoupenda ulifika kwake kwa sababu kizazi kilichotangulia kilivumilia watoto waliopiga noti mbovu kando ya moto.

Hoja hii haiishii Colorado. Afrika Mashariki ina milima, ina wanamuziki, na matamasha yanaongezeka. Sauti za Busara imekuwa ikifanyika Zanzibar tangu mwaka 2004 na kuwavuta wageni kutoka pande zote. Kesho mtu ataandaa tamasha la mahema Lushoto, Marangu, Limuru au chini ya Rwenzori, na tayari ataona mifano ya nje yenye spika kubwa, bia na maonyesho yanayoanza saa nne usiku. Nawaomba waandaaji wachukue mfano tofauti. Wapange onyesho moja zuri la saa kumi jioni, na walipe msanii mwenye jina alifanye, ili familia zisipewe mabaki ya ratiba. Watenge kambi ya familia mbali na jukwaa, yenye maji safi, choo chenye taa na kimya kuanzia saa tatu usiku. Mafundi mitambo wapime sauti na kuiheshimu namba ya Shirika la Afya Duniani. Kituo cha huduma ya kwanza kiwe na muuguzi anayezijua dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa mtoto asiyesema. Waweke duara la ngoma, zeze na marimba ambamo mtoto anaruhusiwa kupiga, si kutazama tu. Mambo haya yatamfaa pia mzee wa miaka 70, mjamzito, na kijana anayetaka kusikia muziki bila kupasuka masikio.

Kwa mzazi, kipimo ni kimoja na ni rahisi kukitumia kabla hajalipa hata shilingi. Ajiulize: niko tayari kuondoka jukwaani wakati wimbo ninaoupenda ndiyo kwanza unaanza, kwa sababu mtoto amepiga miayo? Akiwa tayari, ampeleke mtoto, mlima utampokea na muziki utamlea. Asipokuwa tayari, aende peke yake mwaka huu, na amsubiri mtoto akue mpaka ratiba zao zilingane. Uamuzi wowote kati ya hayo mawili ni malezi mema. Usio mwema ni ule wa kumchukua mtoto na kuiacha saa yake nyumbani.